Injini ya torki (nguvu ya kuzungusha) kwa Pontiac 400 ya barabarani: tupange kabla bloku haijachongwa

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Injini imetoka jana jioni. Ni Pontiac 400 (inchi za ujazo 400) ya mwaka 1970, iko juu ya stendi, hedi zimefunguliwa. Kabla bloku haijaenda kuchongwa nataka mpango wote uwe kwenye karatasi, maana nimeona injini nyingi za V8 za zamani zikiharibiwa na vipuri vizuri visivyoelewana. Kila kimoja kinasifiwa peke yake, ukivifunga pamoja gari linakuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani.

Gari ni Firebird ya mwaka huohuo, gia boksi ni otomatiki ya TH400, difu (uwiano wa gia za ekseli ya nyuma) ni 3.08. Linatembea kila wiki. Foleni, safari ndefu, milima, watu wanne ndani. Mashindano siendi. Ninachotaka ni kukanyaga kidogo tu kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika na gari liondoke bila kubishana.

Niwaeleze kilichonifikisha hapa. Fundi aliyeijenga kabla sijaipata alifunga kamshafti (shafti ya nundu inayofungua valvu, au kamu) ndefu, yaani inayoacha valvu wazi muda mrefu, nyuzi 244 kwenye kipimo cha inchi 0.050, na manifoldi ya kuingizia hewa ya chumba kimoja, juu ya injini ambayo kompresheni yake (uwiano wa kubana mchanganyiko) haikufika hata 8.5. Ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa) inatikisa kioo cha pembeni, na watu wanageuka kutazama. Lakini ukiondoka kwenye taa, hakuna kitu hadi mizunguko 3,000. Kibaya zaidi ni breki, ambazo zinasaidiwa na vakyumu ya injini. Vakyumu ikiwa sailensa ilikuwa inchi 9 tu za zebaki, hivyo ukiegesha polepole na kukanyaga mara mbili mfululizo, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Siku moja nilisimama sentimita chache kutoka kwenye ukuta nikiwa nimesukuma pedali kwa miguu yote miwili. Siku hiyo ndiyo niliamua kuifungua.

Mpango wangu nimeuanzia nyuma ya gari nikija mbele. Tairi zangu zina mzingo wa mita 2.12 hivi. Kwa difu ya 3.08 na gia ya tatu ambayo ni moja kwa moja, kilomita 100 kwa saa ni kama mizunguko 2,400. Kwa difu ya 4.10 ingekuwa 3,200 kwa mwendo uleule. Kwa hiyo injini hii itaishi kati ya 1,500 na 3,000 karibu maisha yake yote, na mara mojamoja itapanda 5,000. Torki inatakiwa pale inapoishi. Kila kipuri nitakipima kwa swali hilo.

Nilichofikiria hadi sasa:

Ujazo kwanza. Hakuna kinacholeta torki ya chini kwa uhakika kama lita. Uzuri wa Pontiac ni kwamba bloku za V8 za miaka hiyo kuanzia 326 hadi 455 zinalingana kwa nje, hivyo hakuna mabano wala ekzosi ya kubadilisha. Kiwandani 400 ina tundu la inchi 4.12 na mwendo wa pistoni wa inchi 3.75. Nataka krankshafti mpya ya mwendo wa inchi 4.25 yenye shingo kuu za inchi 3.00, kipimo kilekile cha 400, na tundu lichongwe hadi 4.155. Inatoka inchi za ujazo 461, yaani kama lita 7.5. Shingo za 3.00 nazipenda kuliko za 455 ya kiwandani ambazo ni 3.25, kwa sababu shingo nene inateleza kwa kasi zaidi ndani ya beringi na kupasha oili.

Konrodi zitakuwa mpya za kufuliwa, urefu inchi 6.800. Za kiwandani ni za kusubu, na ndizo mtu anayeifahamu Pontiac anaziangalia kwanza. Pontiac wenyewe walipojenga 455 ya Super Duty mwaka 1973 na 1974 waliweka za kufuliwa.

Kamshafti: nyuzi 224 kwenye ulaji na 230 kwenye utoaji kwa kipimo cha 0.050, vilele vya nundu vikiwa mbali kwa nyuzi 112. Manifoldi ya vyumba viwili. Kabureta ile ya Quadrajet iliyokuwa kwenye gari, nikishaifungua na kuifanyia usafi, kwa sababu matundu yake ya mbele ni madogo na hewa inapita kwa kasi ukiwa unatembea taratibu. Ya nyuma makubwa yanafunguka ukihitaji.

Kwa injini ya kabureta iliyojengwa vizuri kwa ajili ya barabara, torki ya Nm (newtoni-mita) 85 hadi 100 kwa kila lita si ndoto. Nikilenga 700 kwa lita 7.5 nadhani niko ndani ya mipaka.

Hedi ndizo bado zinaniumiza kichwa. Ninazo jozi mbili: 6X za chuma zenye chumba kikubwa, na namba 12 za mwaka 1970 zenye chumba kidogo cha kama cc 72. Rafiki yangu mmoja anasisitiza nifunge ndogo kwa sababu "kompresheni ni torki". Naomba mawazo.

#2

Mkuu, mpango wa kuanzia difu kuja mbele nauunga mkono. Wengi wanaanzia kwenye kamu, halafu wanatafuta gari la kuifungia.

Kuhusu hedi, fanya hesabu kabla ya kumsikiliza mtu. Silinda moja ya 461 ina inchi za ujazo 57.63, ambazo ni cc 944. Chini yake weka chumba cha hedi, gaskiti kama cc 9, na mifuko ya valvu juu ya pistoni, tuseme cc 6, pistoni ikifika usawa wa bloku. Kwa hedi ya cc 72 jumla ni 87. Gawanya 944 kwa 87, ongeza moja, unapata 11.85. Kwa hedi ya chuma na petroli ya pampu, hiyo injini itagonga siku ya kwanza ya jua kali ukiwa mlimani, na kugonga kunakula beringi na kuvunja ukuta kati ya ringi za pistoni.

Sasa chukua hedi ya cc 96. Jumla 111, jibu 9.5. Hapo ndipo unapotaka kuwa.

Angalia na jambo lingine. Hedi hiyohiyo ya cc 96 juu ya 400 yako ya zamani, ambayo silinda yake ni cc 819, inatoa 8.4 tu. Ndiyo sababu injini yako ya kwanza ililala. Ukirefusha mwendo wa pistoni kompresheni inapanda yenyewe bila kugusa hedi. Kwa hiyo 6X ulizonazo, ambazo kwa 400 zilikuwa kubwa mno, kwa 461 zinaingia palepale.

Namba 12 usizichonge wala usiziuze kwa haraka. Zitunze kwa mtu anayerudisha 400 katika hali yake ya asili.

#3

Samahani wakuu, mimi najifunza. Kwa nini tusifunge difu ya 4.10 na kamu ndefu, injini izunguke hadi 6,500? Nguvu za farasi si zitakuwa nyingi zaidi? Matangazo ya magari haya yote yanataja nguvu za farasi.

#4

@#3, swali zuri, usiombe samahani.

Nguvu za farasi ni torki ikizidishwa na mizunguko. Kwa kilowati: Nm mara mizunguko, gawanya kwa 9,549. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuzipata: kusukuma kwa nguvu taratibu, au kusukuma kidogo harakaharaka. Mfano wa njia ya kwanza ni Buick 455 Stage 1 ya mwaka 1970. Karatasi za kiwanda ziliandika nguvu za farasi 360, lakini torki ilikuwa futi-pauni 510, karibu Nm 691, na ilifika kilele kwenye mizunguko 2,800 tu. Tukumbuke kwamba namba za Marekani kabla ya 1972 zilipimwa injini ikiwa mezani bila mizigo yake yote, hivyo usizilinganishe moja kwa moja na za gari la leo. Hata hivyo 2,800 inakuonyesha walikusudia nini.

Halafu tazama tairi. Gia ya kwanza ya TH400 ni 2.48. Zidisha kwa difu ya mleta uzi, 3.08, unapata 7.64. Torki ya Nm 700 inakuwa karibu 5,350 kwenye ekseli. Nusu kipenyo cha tairi ni kama mita 0.34, kwa hiyo msukumo barabarani ni zaidi ya newtoni 15,000. Gari la kilo 1,700, hata uzito ukirudi nyuma wakati wa kuondoka, tairi mbili za kawaida zinashika lami kwa kama newtoni 8,000. Tayari ana msukumo karibu mara mbili ya kile ambacho tairi zinaweza kushika, na difu ni 3.08! Ukiweka 4.10 unaongeza moshi wa tairi, na kwenye safari ndefu unakaa 3,200 kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kuhusu 6,500: mwendo wa pistoni wa inchi 4.25 ni milimita 108. Kwenye mizunguko 5,200 pistoni inakwenda wastani wa mita 18.7 kwa sekunde, hapo yuko salama kwa konrodi nzuri. Kwenye 6,500 ni 23.4. Inawezekana, lakini unajenga injini nyingine kabisa, yenye springi za valvu na mfumo wa oili wa aina nyingine.

#5 – Mleta uzi

Nashukuru sana #2 na #4. Baada ya kusoma hesabu ile nimeshindwa kulala, nikaenda kupima chumba mwenyewe badala ya kuamini namba ya kitabuni.

Niliweka valvu na plagi kwenye chumba cha kwanza, nikapaka grisi nyembamba ukingoni na kulaza kipande cha kioo kinene kilichotobolewa tundu dogo. Hedi nikaiinamisha kidogo ili hewa itokee juu kwenye tundu. Nikaijaza kwa bomba la sindano la cc 50, mafuta ya taa niliyotia rangi nyekundu ili niyaone vizuri. Sindano ya kwanza yote iliingia. Ya pili, karibu na mwisho, kuna kipovu kilibaki pembeni ya plagi, kinakwenda na kurudi chini ya kioo. Nikagonga hedi kwa mpini wa bisibisi hadi kikatoka. Jibu: 96.5. Chumba cha pili 97. Cha tatu 94! Nikakirudia mara tatu, ni 94. Nilipotazama kwa taa niliona kiti cha valvu ya kutolea moshi hakijakatwa kama wenzake, valvu imekaa juu. Kumbe tofauti ilikuwa hapo.

Kwa hiyo silinda moja ingekuwa na 9.66 na jirani yake 9.4 hivi. Si balaa, lakini kwa kuwa viti vya kutolea moshi vitawekwa vipya vigumu kwa ajili ya petroli isiyo na risasi, nitamwomba fundi avisawazishe vyote pamoja na kina cha valvu, kisha nipime tena vyote nane.

#6

Hongera kwa kupima. Mimi naomba nizungumzie kamu, kwa sababu hujasema tapeti (vipande vinavyokaa juu ya nundu za kamu na kusukuma valvu) ni za aina gani.

Nilijenga injini ya aina hii kwa tapeti bapa. Taratibu zote nilizifuata: paste nyeusi kwenye nundu, oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, nikaiwasha na kuipeleka kati ya 2,000 na 2,500 bila kuiacha ishuke sailensa, kwa dakika 25. Dakika ya 18 nikasikia tiki-tiki upande wa kushoto. Nikaizima, nikakata chujio la oili kwa msumeno na kukunjua karatasi yake juu ya gazeti. Ilimetameta. Nikapitisha sumaku chini ya gazeti, ule unga ukainuka kama manyoya. Nundu moja ya ulaji ilikuwa imelika na tapeti yake imechimbika katikati kama kisahani. Unga ule ulikuwa umeshapita kwenye beringi zote. Injini mpya, dakika 18!

Tangu hapo nafunga tapeti za rola tu kwenye injini ya barabarani. Gharama ni kubwa, lakini huhitaji zile dakika za wasiwasi, na nundu yake inaweza kuinua valvu haraka zaidi bila kuiacha wazi muda mrefu, yaani torki ya chini haiathiriki. Ukichagua rola, hakikisha gia ya distributa ni ya metali inayokubaliana na gia ya kamu hiyo, la sivyo ni gia ya distributa itakayolika. Na urefu wa visukumio vya valvu upimwe baada ya kufunga, usinunue kwa kukisia.

Nyuzi zako 224/230 naziona sawa kwa 461. Kwa 350 zingekuwa nyingi. Lita zako 7.5 zitazimeza, vakyumu itarudi na breki zitakuwa breki.

#7

Kabla hujalipa mtu kuchonga, soma namba ya kusubu nyuma ya bloku. Ikiwa 500557 iache, zile za katikati ya miaka ya 70 zilipunguzwa chuma. Kwa kuwa yako ni ya 1970 sitarajii hilo, lakini injini hizi zimebadilishwa mikono mara nyingi, amini macho yako. Kisha ukaguzi wa nyufa, na unene wa kuta za silinda kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Kutoka 4.12 hadi 4.155 ni kidogo, ila ukuta mmoja uliolika kwa kutu upande wa maji unatosha kukuharibia kazi.

Vipimo nilivyozoea: beringi kuu za shingo ya inchi 3.00 ziwe na nafasi ya mm 0.064 hadi 0.076. Ringi ya juu iwe na pengo la mm 0.42 hadi 0.48 kwa tundu lako. Pistoni isawazishwe na uso wa bloku ili unene wa gaskiti, kama mm 1, ndio uwe nafasi pekee kati ya pistoni na sehemu bapa ya hedi. Nafasi hiyo ikiwa finyu namna hiyo mchanganyiko unasukumwa kuelekea kwenye plagi, unaungua haraka, na injini haigongi kirahisi. Wengi wanaiogopa kompresheni na kuacha pistoni ishuke milimita nzima chini ya bloku, halafu wanashangaa injini ya 9:1 inagonga.

Na maji. Pontiac inachemka kwa jambo dogo ambalo halionekani ukishafunga: lile bamba lililo nyuma ya panga la pampu ya maji. Likiwa mbali na panga, maji yanazunguka mlemle ndani ya kifuniko badala ya kwenda kwenye silinda. Weka pampu mezani, pima, kisha ligongegonge bamba lisogee hadi karibu kugusa panga. Watu wananunua radieta kubwa mara mbili na tatizo liko hapo.

#8 – Mleta uzi

Namba ya bloku nimeisoma, si 500557. Nimeisugua kwa brashi ya waya na kuipiga picha ili niwe na uhakika. Bamba la pampu sikuwahi kulijua. Nimelipima, nafasi yake inaingia karibu kidole kidogo. Hii ndiyo sababu geji ilikuwa inapanda kila nikikaa kwenye foleni, na mimi nilikuwa nailaumu feni.

Nimebadilisha mpango hivi. Hedi ni 6X, viti vipya, vyumba visawazishwe kwenye 96. Tapeti za rola, kamu ileile ya 224/230. Difu inabaki 3.08. Konveta ya gia boksi (inayounganisha injini na gia kwa oili) nitatafuta inayoshika karibu na 2,000, siyo ile ya 3,000 niliyoikuta humo, kwa sababu haina maana kujenga torki ya 1,800 halafu konveta iache injini ipande peke yake kabla gari halijasogea.

Cheche nitaiwahisha kuanzia nyuzi 34 jumla, zikamilike kwenye 2,800, na vakyumu iongeze kama 10 wakati wa kutembea taratibu. Nikisikia hata mkwaruzo mmoja wa kugonga nitapunguza mbili kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Swali moja tu limebaki kwa #4. Ekzosi zangu ni za chuma cha kusubu za kiwandani. Hedi 6X zina matundu yenye umbo la D na ekzosi hizi zinakaa vizuri. Nibadilishe?

#9

Mimi si #4, ila nimeshafanya. Mabomba marefu ya ekzosi ya inchi 1¾ yatakupa kitu kuanzia 3,000 kwenda juu, na chini utapata kidogo. Lakini hakikisha kwanza mabomba ya kuelekea nyuma ni ya inchi 2½ na yana kiunganishi cha pande mbili katikati. Kwa injini ya lita 7.5, ekzosi ya kusubu inavumilika. Bomba jembamba nyuma yake ndilo linaloikaba. Anza na hilo, tembea miezi michache, kisha uamue.

#10 – Mleta uzi

Nimekuelewa. Ekzosi zinabaki, bomba la nyuma linabadilishwa.

Bloku inaondoka kesho kutwa kwenda kwenye ukaguzi wa nyufa na unene. Nimemwomba fundi aandike vipimo vya kila silinda katika sehemu nne, mbele, nyuma, kulia, kushoto, badala ya kuniambia tu "iko sawa". Nikivipata nitaviweka hapa, hasa silinda ya saba ambayo ina alama ya kutu upande wa ndani.